Nakereza Chuma, Wala Siuzi

Kama kuna swali lililonichosha masikio katika miaka hii minne, basi ni hili: "Unauza pesa ngapi?" Mgeni akifika kwangu Rongai, akachungulia kile chumba cha nyuma ambacho majirani zangu humweka mpangaji, akaona lethi, jiliwa, tupa zilizopangwa kwa ukubwa na kisanduku cha vikatio, hakosi kuuliza. Nikimjibu kwamba siuzi chochote, hunitazama kama mtu aliyeambiwa kuwa jirani anafuga ng'ombe kwa ajili ya kuwaangalia tu. Shemeji yangu mmoja alimvuta mume wangu kando akamwuliza kama mambo ya nyumbani yako sawa.

Simlaumu. Katika nchi yetu chuma ni jasho la mtu anayetafuta unga. Aliyekosa kiti cha ofisini huenda Kamukunji akagonga mabati, akatoa makarai, majiko na masanduku ya wanafunzi wa bweni. Serikali yenyewe ilitoa waraka kuhusu biashara ndogo ndogo na jua kali mwaka wa 1992, na waraka huo ulizungumzia ajira. Hakuna waraka wowote uliomfikiria mwandishi wa makala ambaye, watoto wakishalala, huvaa miwani ya kukinga macho na kukereza kipande cha shafti kwa raha zake.

Na hilo neno kukereza usidhani nimelibuni leo. Mafundi wa pwani walikereza miguu ya vitanda na viti kabla bibi zetu hawajazaliwa, mti ukizungushwa kwa uta na kamba huku fundi akiubana patasi kwa mkono na mguu. Lethi yangu hufanya jambo lilo hilo, ila inayozungusha ni mota na kinachozungushwa ni chuma. Kama una jina bora la kazi hii kuliko kukereza, niambie.

Wenzetu wa Uingereza hawaoni haya juu ya uraibu huu. Mwaka wa 1898, jijini London, Percival Marshall alianzisha jarida liitwalo Model Engineer kwa watu waliokuwa wakiunda injini ndogo za mvuke nyumbani mwao. Huko Marekani naye David Gingery aliandika, kuanzia mwanzo wa miaka ya 1980, mfululizo wa vitabu vya kumfunza mtu kuunda karakana nzima kutokana na alumini chakavu. Hatua yake ya kwanza ni tanuri la makaa la kuyeyushia hiyo alumini. Kisha anakuongoza kuunda lethi, halafu lethi hiyo ikusaidie kuunda mashine nyingine. Niliposoma habari za tanuri lile nilicheka peke yangu. Mmarekani anaandikiwa kitabu kizima kuhusu jambo ambalo vijana wa Gikomba hulifanya wakipiga soga!

Hapo ndipo nilipotambua utajiri tulio nao. Siku hizi maarifa ya chuma yamejaa tele kwenye intaneti, bila malipo, picha na maelezo ya kila namna, na mimi mwenyewe nimekesha nikiyatazama. Lakini picha haikushiki mkono. Mtu wa Texas au Oslo hujifunza peke yake kwenye gereji yake. Mimi nina mafundi mwendo wa matatu moja kutoka kwangu.

Wa kwangu ni mzee mmoja aliyekuwa mkereza katika karakana za reli hadi alipostaafu. Nilimfahamu nilipokwenda kumhoji kwa ajili ya makala kuhusu wastaafu. Makala yakachapishwa, yakafungiwa nyama buchani kama makala mengine yote, lakini mimi nikaendelea kwenda kwake. Siku nilipomwambia kwamba nataka kununua lethi, hakuniuliza nitauza nini. Aliniuliza, "Binti yangu, tupa unaijua?"

Nikamwambia naijua. Akanipa kipande cha chuma chenye ukubwa wa kiberiti, kilichokatwa kwa msumeno huku na huku, akaniambia nikirudishe kikiwa mraba pande zote sita. Akanipa na kipimapembe cha chuma, akanionyesha jinsi ya kukiweka juu ya kazi na kukiinua kuelekea dirishani: mwanga ukipenya chini yake, bado. Nilipiga tupa majuma matatu, kila jioni. Ukiusawazisha upande mmoja, ule wa mkabala unakucheka. Kufikia juma la pili nilikuwa nimejua kwamba tupa hukata ikisukumwa na wala si ikivutwa, kwamba bega ndilo linalofanya kazi na mkono unaongoza tu, na kwamba ukipaka meno yake chaki, alumini haitayaziba. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo sikuwa nimelisoma mahali. Lakini kusoma ni kusoma.

Kisha tukaingia katika vipimo. Rula ya shuleni haina kazi hapa. Venia ya kawaida hukusomea sehemu mbili za mia za milimita, nayo maikromita hukusomea sehemu moja ya mia. Siri ya maikromita ni parafujo yake: ukiizungusha mara moja inasogea nusu milimita, na pipa lake limegawanywa sehemu 50, kwa hiyo kila alama ni milimita 0.01. Unywele wa binadamu aghalabu huwa kati ya 0.05 na 0.1. Watoto wangu waliposikia hivyo, kila kichwa mle nyumbani kiling'olewa unywele ukapimwe, pamoja na cha baba yao ambaye hana nywele za kupoteza.

Sasa tuje kwenye fedha, maana huu ni ukurasa wa familia na najua ndilo swali lililo rohoni mwako. Zamu yangu ya chama ilipofika, nilimweleza baba watoto kwamba fedha zile nataka kununulia lethi kuukuu ya mezani. Hakufoka. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Na karo ya muhula ujao?" Tuliketi usiku huo na daftari. Tukakubaliana kwamba karo hutoka kwanza, kwamba sitakopa hata senti kwa ajili ya mashine, na kwamba kila nitakachonunua kitaandikwa, mpaka tone la mafuta. Daftari hilo ninalo hadi leo, na kwa yeyote anayefikiria uraibu huu lina somo kubwa kuliko vitabu vyote. Lethi yenyewe imeandikwa mara moja, ukurasa wa kwanza. Kurasa zinazofuata zimejaa vikatio, biti, tapu na dai za kukatia hesi, mawe ya kunolea, venia, maikromita, taya za akiba. Ukizijumlisha, zimekaribia bei ya lethi. Ukipata fedha za mashine tu na zikaishia hapo, umenunua meza nzito.

Kama utanunua lethi kuukuu iliyotoka kiwandani, tazama mota yake kwanza. Nyingi zinataka stima ya fezi tatu, na nyumba zetu nyingi zina fezi moja. Kuna kifaa cha kugeuza moja kuwa tatu, lakini mota yako lazima iwe ile inayokubali kuunganishwa kwa volti 240 na siyo ya volti 415 pekee. Mwite fundi wa stima mwenye leseni akutazamie kabla ya kutoa pesa, si baada.

Nayo vyuma vya kukerezea? Shafti za magari, springi za lori, beringi zilizochoka: hivyo ndivyo shule yetu. Ila nunua kwa mtu mwenye leseni na uombe risiti. Sheria ya vyuma chakavu ya mwaka wa 2015 inamtaka kila muuzaji awe nayo, na sharti utakumbuka kwamba Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara hiyo yote kwa miezi kadhaa, baada ya milingoti ya umeme na mali nyingine ya umma kuharibiwa. Sitaki kukereza kipande cha mlingoti.

Kuhusu vikatio nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Kuna vikatio vya feleji ya kasi na kuna vya kabaidi. Kabaidi ni ngumu zaidi, hustahimili moto mwingi, na hukata upesi. Lakini huvunjika ukiigongesha, na hutaka mashine nzito isiyotetemeka. Lethi ndogo ya nyumbani hutetemeka. Feleji ya kasi ni ya bei nafuu, na ikidumaa unainoa mwenyewe kwenye jiwe la mota. Mzee alinikataza kabisa kununua kabaidi mwaka wa kwanza. "Utanunua makali usiyoyaelewa," alisema.

Kila metali ina mwendo wake. Chuma laini kikikatwa kwa feleji ya kasi hupenda mita 30 hivi kwa dakika. Alumini huvumilia mara tatu ya hapo. Ili kupata mizunguko, chukua mita hizo, zidisha kwa 1,000, kisha gawanya kwa 3.14 mara kipenyo kwa milimita. Kikatio cha milimita 10 kwenye chuma laini basi kinatoka kama mizunguko 955 kwa dakika. Hesabu ni hiyo, darasa la nane anaiweza. Lakini Mzee hapigi hesabu. Husimama kando, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, na akisikia mlio umekuwa wa kukwaruza hunena, "Punguza." Huangalia pia rangi ya vile vipande vinavyojikunja na kuanguka. Kwa feleji ya kasi, vikianza kugeuka samawati, makali yako yanaungua. Kwa kabaidi samawati si neno.

Najua kuna akina mama wanaosoma hapa, kwa hivyo niseme hili bila kuzunguka. Leso kiunoni, hapana. Nywele za kusuka zilizoachwa mgongoni, hapana. Funga juu, vaa kofia. Pete, bangili na mkufu viache chumbani. Na glavu, ambazo mtu angedhani ni kinga, ndizo hatari kuliko vyote mbele ya kitu kinachozunguka, kwa maana mashine ikishika uzi mmoja wa glavu huvuta na mkono uliomo. Ufunguo wa kukazia taya za lethi usiuachilie mkononi mpaka uwe umeutoa, hata kama simu inalia, hata kama mtoto analia. Na mabati au bomba lililopakwa zinki usilichomee ndani ya chumba kilichofungwa: moshi wake humpa mtu homa na kutetemeka usiku huo huo.

Mwaka jana mama yangu, ambaye hushona sare za shule huko Kangundo, alipoteza parafujo moja ya cherehani yake ya miguu, ile inayobana sindano. Ni Singer ya zamani, aliyorithi kwa shangazi yake. Parafujo ile si kubwa kuliko punje ya njugu. Alizunguka madukani, hakuna iliyoingia, kwa sababu Singer walikuwa na hesi zao wenyewe zisizofanana na za bolti za kawaida. Fundi mmoja akajitolea kulitoboa tundu upya na kulikatia hesi ya siku hizi. Mama akakataa katakata. Shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki mbili, na meza yake ilijaa vitambaa vilivyokatwa ambavyo wazazi walikuwa wamevilipia nusu.

Hapo, mpenzi msomaji, lethi inaonyesha kwa nini iliitwa mama wa mashine. Tapu na dai hukata hesi zile tu zilizoandikwa juu yake. Lethi hukata hesi yoyote utakayo, maana gia zake hubadilishwa ili kikatio kisogee kiasi unachotaka kwa kila mzunguko. Mama alinitumia parafujo jirani yake kutoka kwenye mashine hiyo hiyo, ambayo kwa bahati ilikuwa na hesi sawa. Tuliihesabu nyuzi kwa inchi kwa kioo cha kukuzia. Mzee akanoa kikatio chembamba kama ncha ya penseli, akaniambia nitayarishe vipande vitatu vya feleji na siyo kimoja. "Viwili vya kufahamiana na uzi," akasema. Cha tatu kilipanda gari la Kangundo Ijumaa jioni ndani ya bahasha, kimefungwa kwa pamba.

Mama alinipigia Jumamosi asubuhi. Sikusikia sauti yake mwanzoni, nilisikia cherehani. Malipo yangu ilikuwa aproni nzito ya khaki isiyo na kamba hata moja ya kuning'inia, na mikono yake inaishia juu ya kiwiko. Sijui ni nani aliyemwambia.

Haya, na hiyo kompyuta? Kifungua mimba wangu, mwenye umri wa miaka 14, hakuwa na subira na tupa. Yeye alichokiona kwenye skrini ni mashine ya milingi inayokwenda yenyewe, na akaniuliza kwa nini mama mwenye akili zake apige tupa majuma matatu. Nifafanue kwanza kwamba milingi hii si ile ya unga. Katika lethi, kazi ndiyo inayozunguka na kikatio kimetulia; katika milingi, kikatio ndicho kinachozunguka na kazi imebanwa kwenye meza inayosogea kulia, kushoto, mbele na nyuma. Ukiizungusha meza hiyo kwa mkono, utakata mistari iliyonyooka. Umbo la mviringo au la bawa ni taabu tupu.

Taabu hiyo ndiyo iliyozaa hizi mashine za kuongozwa kwa tarakimu. John Parsons wa Marekani alikuwa akitafuta njia ya kuunda vipande vya ndege kwa usahihi, Jeshi la Anga likatoa fedha, na mwaka wa 1952 chuo cha MIT kikaonyesha watu mashine ya milingi iliyosoma maagizo kutoka kwa utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Kwetu Kenya nasi hatukubaki nyuma kama wengine wanavyodhani. Gari la Nyayo Pioneer lilizinduliwa mwaka wa 1990 na halikufika sokoni, lakini mradi ule ndio uliozaa kampuni ya Numerical Machining Complex, iliyoundwa mwaka wa 1994 katika eneo la karakana za reli, hapo hapo Nairobi.

Kilichobadilika ni kwamba ubongo wa mashine hizo sasa hupatikana bure. Wanasayansi wa taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani waliandika katika miaka ya 1990 programu ya kuongozea mashine, wakaiachilia kwa umma, na leo inaitwa LinuxCNC. Inatumika kwenye kompyuta ya kawaida. Mwaka wa 2009 Simen Svale Skogsrud wa Norway alitoa nyingine iitwayo Grbl, inayoenea ndani ya kibao kidogo cha Arduino chenye ukubwa wa kiganja. Za kuchorea nazo zipo, FreeCAD mathalan, na mwanangu huichora kwa kasi ambayo mimi siiwezi.

Maagizo yenyewe si uchawi. G0 ni nenda upesi, G1 ni kata mstari ulionyooka, G2 na G3 ni kata tao, M3 ni zungusha kikatio, M5 ni kisimamishe. G21 inasema namba zote ni milimita. G20 inasema ni inchi. Hizo mbili ukizichanganya, kumi uliyoikusudia iwe milimita 10 inakuwa milimita 254, na mashine itakwenda huko ulikoituma, kupitia chochote kilicho njiani.

Tulinunua mashine ndogo ya milingi ya mkono, tukaifunga mota tatu. Mota hizi huenda kwa hatua: hatua 200 kwa mzunguko mmoja, na parafujo ya meza yetu ikisogea milimita 5 kwa mzunguko, kila hatua ni milimita 0.025. Mzee alikuja kuangalia. Alizitazama nyaya, akaitazama kompyuta, kisha akamwuliza kijana, "Na hii inasikia?"

Kijana akacheka, lakini swali halikuwa la kuchekesha. Haisikii. Kompyuta hutuma hatua na kuamini kwamba zimetekelezwa. Kikatio kikikwama, meza ikakosa hatua kumi, kompyuta haina habari. Itaendelea kukata robo milimita pembeni ya mahali palipokusudiwa, kwa utulivu wote, mpaka mwisho. Stima ikipotea katikati ya kazi, ikarudi, haijui tena iko wapi na lazima uioneshe pembe ya kuanzia upya. Na ikiwa parafujo ya meza imelegea ndani ya nati yake, meza itayumba kwa kiasi cha ulegevu huo kila inapogeuka. Mashine za bei ghali zina njia za kujipima zenyewe. Yetu ina Mzee. Alimfanya kijana aweke kidole mezani na kuzungusha parafujo kwa mkono, huku na huku, mpaka auhisi ulegevu kabla ya kuupima. Siku hiyo ndipo mwanangu alipoomba tupa, bila kusukumwa.

Kazi yao kubwa ya kwanza ilikuwa bao. Baba mkwe wangu, mtu wa Lamu, hucheza kila alasiri, na alikuwa anakuja kwetu kwa matibabu ya macho. Kijana alitaka kumpa bao la safari: bamba la alumini lenye upana wa milimita 230 kwa 120, mashimo 32, safu nne za nane nane, na badala ya kete za mti, gololi 64 kutoka kwa beringi chakavu. Ukiyachonga mashimo hayo kwa mkono utapata mashimo 32 yaliyo ndugu. Kompyuta huyatoa yakiwa mapacha. Tuliketi tukitazama, kikatio kikishuka duara kwa duara, shimo baada ya shimo, mimi nikipaka mafuta kidogo kidogo ili alumini isigande kwenye makali. Ilichukua Jumamosi nzima.

Lakini wacheza bao wanajua kwamba mashimo mawili si ya mviringo. Nyumba ni mraba, moja kwa kila upande. Na kikatio cha milingi ni cha mviringo, hivyo hakiwezi kamwe kuacha kona kali ndani ya shimo. Chetu cha milimita 6 kiliacha kila kona na tao la milimita 3. Kijana alitafuta kikatio chembamba zaidi. Hicho nacho kingeacha tao, dogo zaidi, na kingevunjika kabla ya kufika chini.

Mzee alikuja Jumapili baada ya ibada. Naye macho yake yameanza kufunga ukungu, na sidhani anaiona vyema alama ya maikromita siku hizi. Akatoa mfukoni tindo moja nyembamba, akaibana kazi kwenye jiliwa, akapapasa kona ya kwanza kwa ukucha wa kidole gumba, na kuanza kugonga, polepole, kwa nyundo ambayo hata haikutoa sauti ya kumwamsha mtoto. Baba mkwe alikuwa ameketi kizingitini na dawa machoni, akisikiliza. "Kona ya kushoto bado," akasema. Mzee akageuka akamtazama, kisha akairudia.

Nyumba ya pili alimwachia kijana. Kona mbili zimekwisha, mbili bado, na bamba liko kwenye jiliwa tangu wiki iliyopita. Babu yake anarudi kliniki mwisho wa mwezi.